Kasha la Baba na Uzamifu wa Bungoma

Kwetu Pwani mtu akifa akaacha shamba, yuko Kadhi wa kuligawa. Akiacha kasha la karatasi, hakuna wa kuligawa. Warithi hulitazama, hulifunika, na mwisho mchwa ndio hutangulia kuchukua fungu lao.

Kasha la marehemu baba liko uvunguni mwa kitanda changu, Mombasa. Ndani yake mna khutba za Ijumaa, dua, barua za posa za watu waliokwisha kufa wote, na daftari tatu za tenzi zilizoandikwa kwa harufi za Kiarabu. Tenzi hizo baba alizinukuu kutoka kinywani mwa bibi yake, ambaye hakujua kushika kalamu lakini alikuwa akizisoma kwa moyo tangu isha mpaka usiku wa manane. Daftari zilikuwa nne. Ya nne aliiazima mgeni mmoja mtafiti nilipokuwa mtoto, akasema atakaa nayo wiki mbili. Baba alimngoja mpaka akaingia kaburini. Siku tuliyorudi mazishini niliapa kwamba karatasi ya nyumba hii haitavuka mlango tena.

Basi msomaji mpenzi utafahamu kwa nini moyo ulinipiga mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Kitale.

"Shikamoo, mjomba. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Kibabii, kule Bungoma. Nataka kuandika juu ya tenzi za babu. Nazihitaji zile daftari."

Niliitika marahaba, kisha nikanyamaza. Binti huyu ni mtoto wa dada yangu, aliyeolewa Kitale na mfanyabiashara wa nafaka. Amezaliwa huko na kusoma huko, na sasa anasomesha Kiswahili katika shule ya sekondari. Ana shahada ya uzamili na watoto watatu. Sikutaka kumvunja moyo, wala sikutaka kuvunja kiapo changu. Nilimwambia, "Nakuja, mwanangu. Maneno haya si ya simu."

Nikapanda basi na nazi kumi kikapuni za dada yangu. Daftari nilizifunga katika kitambaa nikaziweka kifuani, ndani ya koti. Nilikuwa nikijiambia kwamba nazichukua ili nimwonyeshe tu.

Kitale ni mji wa baridi na mahindi, chini ya mlima Elgon. Watu wa Pwani tuna desturi ya kuuona kama mwisho wa dunia, lakini njia ya kwenda huko wazee wetu waliijua kabla ya reli. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilifika nchi ya Mumias katika karne ya 19, ikapokewa na Nabongo, na Uislamu ukaota mizizi pale. Haikuwa heri tupu. Katika uwanja wa klabu ya mjini Kitale mna duara la mawe ambalo wenyeji wanasema ndipo watumwa walipokuwa wakikusanywa. Nilipoonyeshwa habari zake niliinama. Lugha yetu ilifika bara kwa miguu ya watu, na si wote waliokuwa wakitembea kwa hiari yao.

Hata hivyo, lugha ikishafika haina tena mwenyewe mmoja. Marehemu Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, aliandika riwaya ya Siku Njema iliyotoka mwaka 1996. Humo kijana wa Tanga aitwaye Kongowea Mswahili anafunga safari mpaka Kitale kumtafuta baba yake. Fikiri, msomaji: mwana wa Pwani anatafuta nasaba yake bara, na anayetusimulia ni mtu wa bara. Walibora mwenyewe, ili aipate shahada ya udaktari, ilimbidi avuke bahari mpaka Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020 akazikwa kwao Trans Nzoia. Mpwa wangu anasema aliposoma kitabu kile akiwa msichana ndipo alipojua kwamba mtu wa Kitale naye anaweza kukishika Kiswahili kwa mkono wake.

Jioni ile, wali wa nazi ulipoliwa na watoto wakalala, nilimwambia anieleze hiyo shahada kwanza. Mimi nimesoma chuo kidogo, chuo kikuu sikukisoma. Na neno lenyewe lilinitatiza. Zamani tukisema shahada ya udaktari. Siku hizi Kenya husema uzamifu, na jirani zetu Tanzania husema uzamivu. Yote mawili yatokana na kuzama na kuzamia. Nilicheka, nikamwambia kwamba sisi watu wa bahari twamjua mzamiaji: huenda chini akiwa na pumzi moja, na usalama wake ni yule aliyebaki juu ameshika kamba.

"Huyo aliye juu, mjomba, huitwa msimamizi," alisema. "Na kwa kawaida huwa wawili."

Asubuhi yake tulipanda matatu kwenda Bungoma. Njia yapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Kanduyi, na mlima unakuandama mkono wa kulia. Kibabii iko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Chwele. Pale palikuwa na chuo cha kufunza walimu wa diploma. Mwaka 2011 pakafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na mwaka 2015 pakapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Makamu wake wa chansela wa kwanza alikuwa Profesa Isaac Ipara Odeo, ambaye mwenyewe ni msomi wa Kiswahili. Na huko, mwanafunzi wa Kiswahili huiandika tasnifu yake kwa Kiswahili. Si kwa Kiingereza halafu ikafasiriwa. Kwa Kiswahili, tangu jalada mpaka marejeo.

Tulikaa chini ya mti, na mpwa wangu akanihesabia masharti kwa vidole, nami nikayaandika.

La kwanza ni shahada ya uzamili katika somo hilo au lililo karibu nalo. Hiyo anayo. La pili ni muda: chini ya kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014, uzamifu haupungui miaka 3, na wengi wanaofanya kazi huku wakisoma hupita hapo. La tatu ni masomo ya darasani. Viko vyuo vinavyomtaka mwanafunzi asome kwanza nadharia za fasihi au isimu na mbinu za utafiti, na kuzifanyia mtihani. Viko vinavyomwacha aingie moja kwa moja katika utafiti. Kwa vyovyote, nadharia hizo hazikwepeki.

La nne ni pendekezo la utafiti. Mwanafunzi aeleze atatafuta nini, kwa nini, wapi na vipi, na wengine walikwisha kusema nini juu ya jambo hilo. Pendekezo hilo hulitetea mbele ya walimu wa idara, kisha mbele ya wakubwa zaidi, na mara nyingi hurudishwa akaliandike upya. La tano ni kibali. Hakuna kwenda kuuliza watu maswali bila leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Na anayehojiwa lazima aelezwe ahojiwa kwa sababu gani, na akubali mwenyewe.

Hapo nilimkatiza. "Baba hakuelezwa kitu," nilisema.

"Najua, mjomba," alijibu kwa sauti ya chini. "Ndiyo sababu nakueleza wewe."

Akaendelea. Baada ya utafiti huandikwa tasnifu. Kabla ya kuhitimu, mwanafunzi awe amechapisha makala mawili katika majarida ya kitaaluma yanayopitiwa na wajuzi. Tasnifu hupelekwa kwa watahini, mmoja wao akiwa wa nje ya chuo. Mwisho kuna mtihani wa mdomo, ambapo mwanafunzi husimama peke yake na kujibu. Kila alilolichukua kwa mtu alitaje ni la nani. Asipotaja, huo ni wizi, na shahada yaweza kumponyoka.

Msomaji, niliposikia hilo la mwisho niliweka kalamu chini. Kwani hayo si yetu? Mtu asomaye Hadithi hufundishwa kwamba maneno bila ya isnadi hayana uzito: fulani kapokea kwa fulani, na fulani kwa fulani, mpaka yafike yalikoanzia. Mwanachuoni wa Lamu au Mombasa hakuitwa mwanachuoni kwa kuwa ana kilemba. Alikuwa na ijaza, idhini ya mwalimu wake kwamba kitabu hiki amekisoma kwangu na sasa aweza kukisomesha. Neno chuo lenyewe katika Kiswahili cha kale ni kitabu kabla ya kuwa nyumba ya kusomea. Nilimwambia mpwa wangu kwamba wakubwa wa Kibabii wametia saruji tu, lakini msingi naujua.

Ila palikuwa na jambo moja lililonikera, nami sikulificha. Katika chuo chetu mwanafunzi hupokea. Humkalia mwalimu miaka, na adabu yake ni kusikiliza. Hapa naambiwa kwamba mwanafunzi akirudia tu yaliyosemwa na waliomtangulia, hapati kitu. Lazima alete jipya, na yumkini jipya hilo lipingane na mwalimu wake. Nilimwuliza, "Hii si kufunza watoto ujuba?"

Alitabasamu. "Mjomba, sisi ni Mashafii, ama sivyo? Imamu Shafii alisoma kwa Imamu Malik Madina, akamheshimu maisha yake yote. Na bado walihitalifiana. Kama angalirudia tu maneno ya Malik, leo madhehebu yako yangekuwa gani?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama mlima.

Tulipokuwa tukingoja gari ya kurudi nilimkumbusha habari za Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, aliyefariki yapata mwaka 1840. Tungo zake hazikupigwa chapa uhaini wake. Zilibaki vichwani mwa watu. Mwisho wa karne ile mmishonari Mwingereza, William Taylor, alizikusanya Mombasa, na aliyemsaidia kuzipata na kuzifahamu alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Karatasi za Taylor zilikwenda Uingereza, na leo ziko London, katika chuo cha SOAS. Mwaka 1940 William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Ilipofika mwaka 1979 ndipo mwana wa Mombasa, Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka na kuzieleza tungo zile pamoja na habari za mji uliozizaa.

Nafikiri sana juu ya Mwalimu Sikujua. Jina lake lasema hakujua, na kama si yeye tungalikuwa hatujui sisi. Alifanya kazi ya uzamifu bila ya kuvishwa joho. Vivyo hivyo marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, mtunzi wa Umbuji wa Mnazi, ambaye maprofesa walikuwa wakimfuata kumwuliza maana za maneno, naye hakuwa na shahada. Majina yao twayajua kwa kuwa walioketi nao waliyataja. Wangapi hawakutajwa? Bibi mzaa baba yangu ni mmoja. Katika ile daftari ya nne, popote ilipo duniani, sijui kama jina lake limo.

Lakini haki isemwe pande zote. Sisi wenyewe tumefanya nini? Mtu wa bara akikosea ngeli twamcheka mpaka machozi yatutoke, kisha twarudi nyumbani na kuacha karatasi za babu zetu ziliwe. Twasema Kiswahili ni chetu, na watoto wetu hatuwahimizi wakisome zaidi ya pale kinapowapatia alama za mtihani. Mzee wetu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, hakupata nafasi Makerere kwa ajili ya alama zake za shule. Akafanya ukarani katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa. Hakukaa akilia na waliomkataa. Alikwenda kusoma Manchester, kisha Columbia, na mwaka 1966 akapata udaktari wa Oxford, na Makerere hiyohiyo ikamfanya profesa. Mlango uliofungwa hubishwa, na ukifunguliwa huingiwa. Siku hizi mlango uko Bungoma, nauli ya matatu tu kutoka kwa dada yangu, na wanaoingia wengi ni wana wa Wabukusu na jirani zao. Wana haki nao, na Mungu awazidishie. Haya ni ya kwetu tusioingia.

Usiku ule nilizitoa daftari kifuani nikazifungua juu ya mkeka. Nilimwambia asome.

Alianza vizuri. Amehitimu Korani tangu mdogo, na harufi anazijua. Lakini ubeti wa tatu ulimkwama. Msomaji uliyesoma hati za kale wajua taabu yake: harufi za Kiarabu hazina p wala mb, na waandishi wetu wa zamani waliandika be moja kwa zote tatu. Neno moja laweza kuwa bata, au pata, au mbata. Asiyejua kilichokusudiwa hukisia. Mpwa wangu alikisia bata, akaona beti haina maana. Akakisia pata, ikazidi kupotea.

"Ni mbata," nilimwambia.

"Mbata ni nini, mjomba?"

Nikanyamaza. Binti ana shahada mbili, amekulia katika mahindi, na hajapata kuona nazi iliyokauka mpaka nyama yake ikabambuka kifuuni. Nani atamlaumu? Mama yake alisikia akiwa jikoni, akacheka, kisha nikaona anafuta macho kwa ncha ya leso. Wakati ule ndipo niliposadiki kwamba daftari hizi zikibaki uvunguni mwangu, nami nikafa, watakaozifungua watakuta bata tu kila mahali.

Na pia nilisadiki kwamba daftari peke yake, hata zingefika Bungoma salama salimini, hazimtoshi. Ataitetea tasnifu yake mbele ya watahini kwa kusoma kwa kubahatisha? Katika masharti yote aliyonihesabia chini ya mti, hili halikuwamo: kukaa na mtu aliyeisikia tenzi kabla ya kuiona.

Nikampa masharti yangu, nayo aliyaandika kwa mkono wake. Karatasi zenyewe hazitoki kwangu. Atakuja Mombasa likizo za shule, azipige picha ukurasa kwa ukurasa. Ndivyo zilivyofanyiwa hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu katika mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi hati zilizo hatarini: picha zilichukuliwa, na karatasi zikabaki kwa wenyewe. Atasoma kila ubeti mbele yangu kwa sauti, na hatavuka ubeti mpaka niseme vuka. Akiona nimekosea, aseme, lakini alete hoja, nami sitamwita mjuba. Katika tasnifu yake atalitaja jina la bibi yangu aliyezisoma, na la baba yangu aliyezinukuu, kila mmoja kwa kazi yake. Na siku itakapofungwa jalada, nakala moja itarudi kuwekwa ndani ya kasha.

"Na mimi nitakupa nini, mjomba?" aliuliza.

Nilimwambia chuo kikuu kitampa shahada yake kikimridhia. Mimi nitampa ijaza, ya karatasi moja tu, nitakayoiandika kwa mkono wangu. Asiionyeshe mtu ila anayejua ni kitu gani.

Nilirudi Mombasa na daftari zangu kifuani kama nilivyokwenda, kiapo changu hakijavunjika. Nimeshazitoa uvunguni. Ziko juu ya meza, zimefunikwa kitambaa safi, na mbele ya meza nimetandika mkeka wa watu wawili. Likizo ya shule imekaribia, na mbata iko tayari katika kisahani, ili somo la kwanza alishike mkononi kabla ya kulisoma.

Wa billahi tawfiq.